Imefika Salama! Mtazamo wa Kwanza wa USB3300, Chipu Inayobisha Hodi

Wapenzi wa saketi, kaeni vizuri! Chipu niliyoitamani tangu nianze kugusa maikrokontrola imefika Salama, hapa hapa kando ya barabara ya Mombasa, na usingizi umenikimbia. Inaitwa USB3300. Inauzwa na Microchip, imekaa kwenye mraba wa milimita 5 kwa 5, ina miguu 32, na inafanya kazi moja tu: kurusha na kupokea data ya USB kwa kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Megabiti 480! Kwenye meza ya mbao, ikila umeme wa betri ya sola!

Kwa wengi wetu huku Makueni, USB ni ya kuchaji. Taa ya sola ina tundu la USB, redio ina tundu la USB, hata matatu ya kwenda Emali siku hizi ina tundu la USB, na kote huko tunachochota ni volti 5 na graundi, basi. Lakini kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani yake. Mbili zinazobaki, D+ na D−, ndizo zinazobeba picha, nyimbo, rekodi na programu. Hizo ndizo mali ya USB3300. Fundi wa simu wa jirani alipoiona mezani aliuliza mara moja, "Kwani hii inachaji haraka?" Nikamjibu, "Hapana fundi, hii haichaji. Hii inaongea."

Na inaongea vizuri! Nimeiunganisha, nimeiwasha kwa utaratibu, nimeiwasha kwa fujo, nimeikatia stima makusudi ikiwa katikati ya kazi. Nitawaambia nilichokiona: kasi ndiyo itakayokuvutia dukani, lakini kitakachokufanya uipende chipu hii ni namna inavyojua kungoja zamu yake. Iwashie umeme kwa mpangilio unaofaa, na itavumilia stima ya kwetu inayopepesa bila kununa. Vuruga mpangilio, na utapata bodi iliyoganda ambayo hakuna multimita itakayokueleza ina nini.

Kwa nini uhangaike na chipu ya pembeni?

Swali zuri. Maikrokontrola nyingi zina USB yao ya ndani, ikiwemo STM32F407 niliyoitumia katika jaribio hili. Ila ile inayofanya kazi bila msaada wa nje ni ya megabiti 12, kasi iliyokuja na USB ya kwanza mwaka 1996. Mwaka 2000 USB 2.0 ikaleta megabiti 480, na kurusha mawimbi ya kasi hiyo ni kazi ya analojia isiyopenda kukaa ndani ya chipu ya kawaida ya maikrokontrola. Hivyo STM32F407 ina sehemu yote ya kidijitali ya USB ya kasi, imelala tu humo ndani, ikingoja chipu ya nje ya kuirushia na kuipokelea mawimbi. Watu wengi wamemiliki bodi hii kwa miaka bila kujua wanakalia nini!

Tazama tofauti. Kwa kasi ya zamani, hali ya kuhamisha data nyingi haiwezi kuzidi paketi 19 za baiti 64 kila milisekunde. Hiyo ni takriban megabaiti 1.2 kwa sekunde, hata uombe vipi. Kwa kasi ya juu ni paketi 13 za baiti 512 katika kila sehemu moja ya nane ya milisekunde: zaidi ya megabaiti 53 kwa sekunde. Faili ya megabaiti 100 ambayo upande mmoja ingekula zaidi ya sekunde 80, upande wa pili dari yake ni karibu sekunde 2. Anayerekodi sauti za ndege usiku kucha, anayesoma kamera, anayenasa mawimbi ya redio kwenye kompyuta, huyo hahitaji kushawishiwa.

Onyo la mapema: jina lisikudanganye. Hiyo 3300 haimaanishi USB 3. Hii ni USB 2.0 ya kasi ya juu. Tena si chipu ya jana. Ilizaliwa SMSC, kampuni iliyonunuliwa na Microchip mwaka 2012. Ni ya zamani, imezoeleka, na programu zake zimeandikwa mara nyingi duniani. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni sifa kubwa!

Nyaya kumi na mbili

Niliichukua ikiwa tayari kwenye bodi ya majaribio kutoka Shenzhen, ikiwa na kristali yake ya megahezi 24, soketi za USB, na pini za kuchomekea waya. Kulehemu chipu yenyewe kwa mkono ni mtihani: miguu imejificha chini ya tumbo, na katikati kuna bati la graundi ambalo lazima lishikane na bodi. Ukiwa na hewa moto na mkono mtulivu, jaribu. Usipokuwa navyo, nunua bodi.

Chipu huongea na maikrokontrola kupitia ULPI, mpangilio wa nyaya ambao toleo lake la 1.1 lilitoka mwaka 2004. Uzuri wake ni uchache: nyaya kumi na mbili tu. Nane ni za data. Ya tisa ni saa ya megahezi 60, na saa hiyo hutoka kwenye USB3300 kwenda kwa maikrokontrola, si kinyume chake. Kumbuka hilo, tutalirudia. Tatu za mwisho ni za adabu: DIR, NXT na STP.

Kwa STM32F407, ramani ni hii, na ibandike ukutani. Data 0 ni PA3. Data 1 ni PB0, data 2 ni PB1, data 3 ni PB10, data 4 ni PB11, data 5 ni PB12, data 6 ni PB13, na data 7 inaruka hadi PB5. Saa inaingia PA5. STP inatoka PC0. DIR inaingia PC2, NXT inaingia PC3. Kama una kifurushi kikubwa chenye miguu mingi, DIR na NXT zina mahali pengine pa kukaa, yaani PI11 na PH4, lakini kwa bodi za kawaida ni hizo.

Walio na bodi ya Discovery ya F407, ile ambayo wanafunzi wengi huanzia, tulieni kidogo. Nne kati ya pini hizi tayari zina wapangaji. PA5 imeunganishwa na kipima mwendo, PB10 na PC3 zimekwenda kwenye maikrofoni, na PC0 ndiyo inayowasha umeme wa soketi ndogo ya USB ya bodi. STP ikishuka, swichi hiyo inawaka! Inawezekana kufanya kazi hivyo ukijua unachofanya, lakini bodi tupu ya F407, isiyo na mapambo, itakuokolea jioni nzima.

Sasa urefu. Kila mtu huniambia nyaya ndefu huchelewesha data. Si kweli sana: umeme hupita sentimita 20 za waya kwa takriban nanosekunde moja, na saa ya megahezi 60 inakupa karibu nanosekunde 17 kwa kila pigo. Ugonjwa ni mwingine. Nyaya nane za data zinapogeuka kwa pamoja, mkondo wote hurudi kupitia graundi, na ukiwa na waya mmoja mwembamba wa graundi, graundi yenyewe inatikisika. Dawa ni rahisi na inapendeza kuiona ikifanya kazi: tumia nyaya fupi kadiri uwezavyo, na weka nyaya kadhaa za graundi katikati ya zile za data, si moja pembeni. Rezista za omu 22 hadi 33 kwenye nyaya za kasi hutuliza mitetemo. Bredibodi iache kwa kazi za taa za LED. Na D+ na D− usiziguse kabisa kwa waya za jampa: hizo zinataka njia mbili zilizopangwa pamoja kwa omu 90, na bodi imeshakupangia hadi kwenye soketi.

Chakula chake

USB3300 inakula volti 3.3, kuanzia 3.0 hadi 3.6. Ndani yake inajitengenezea volti 1.8 za ubongo wake na za sehemu ya analojia. Miguu ya 1.8 inayoonekana nje ipo kwa ajili ya kapasita, na kapasita hizo zikae karibu na chipu kabisa. Usithubutu kuazima umeme hapo kulisha kitu kingine!

Ukijitengenezea bodi yako, kuna rezista mbili zisizo na mjadala. Ya kwanza ni kilo-omu 12 ya usahihi wa asilimia 1 kwenye mguu wa RBIAS. Hiyo ndiyo inayoweka kiwango cha mikondo yote ya analojia ndani, kwa hiyo ukiweka iliyo karibu-karibu, mawimbi yako nayo yatakuwa ya karibu-karibu. Ya pili ni omu 820 kati ya mguu wa VBUS na volti 5 za kebo, kuilinda chipu na misukosuko ya kuchomeka na kuchomoa.

Nani aamke kwanza?

Hapa ndipo nilipopiga makofi peke yangu!

Fikiria tatizo. Una chipu mbili, kila moja inaamka kwa mwendo wake. Maikrokontrola ikiwa bado usingizini, pini zake zinaelea, hazina volti ya uhakika. Kama USB3300 imeshaamka, itaona takataka kwenye nyaya za data na inaweza kuzidhania amri. Kinyume chake, kama maikrokontrola imeamka kwanza, itaanza kuamuru chipu ambayo hata saa yake haijatulia.

ULPI ilishalifikiria hili, na USB3300 inalitekeleza kama mgeni aliyelelewa vizuri: inabisha hodi, na haiingii mpaka iitikiwe. Ikianza kuamka, inanyanyua DIR juu, maana yake, "Nyaya za data ni zangu kwa sasa, usiniandikie kitu." Kristali ya megahezi 24 inaanza kupiga, saketi ya ndani inaizidisha, na saa ya megahezi 60 ikitulia, DIR inashuka. Hiyo ndiyo hodi. Upande wa pili, mguu wa STP una mvuto dhaifu wa kwenda juu ndani ya chipu. Maikrokontrola ikiwa bado haijaamka, hakuna anayeishusha STP, inabaki juu, na USB3300 inaelewa kwamba mwenyeji hajaitikia. Inajilinda, inavuta nyaya za data chini, inapuuza kila takataka. Maikrokontrola ikiamka na kuishusha STP, karibu imetolewa, mazungumzo yanaanza. Waya mmoja na rezista dhaifu, na fujo yote ya kuamka imekwisha! Nani aliyefikiria hili? Mnunulieni chai!

Lakini adabu ya chipu haitoshi ikiwa wewe mwenyewe huna. Mpangilio wangu, baada ya kuujaribu kwa kila upande, ni huu.

Graundi kwanza. Kabla ya waya wowote mwingine, graundi za bodi zote ziwe zimeshikana.

Kisha volti 3.3 kutoka chanzo kimoja kwa chipu zote mbili, zipande pamoja na zishuke pamoja. Hili ndilo kubwa. Nilizilisha makusudi kwa regyuleta mbili tofauti, nikazima ya maikrokontrola tu, na multimita ikaonyesha volti kwenye laini iliyopaswa kuwa imekufa. Umeme wa mizimu! Chanzo chake si uchawi. Saa ya USB3300 inaendelea kupiga kwenye PA5, na PA5 ya F407 ni mojawapo ya pini chache ambazo hazivumilii volti iliyo juu ya laini yake. Mkondo unapenya kwenye daiodi ya ulinzi na kuilisha chipu nzima kupitia mlango wa nyuma. Maikrokontrola iliyolishwa hivyo haiko hai wala haijafa, na ndiyo inayoganda stima ikirudi, kwa sababu haikuwahi kuzima kikamilifu.

Hatua ya tatu ni mguu wa RESET, na hapa soma mara mbili: kwenye USB3300, RESET inafanya kazi ikiwa juu. Chipu nyingi ndugu zake, kama USB3320 ya Microchip hiyo hiyo, hufanya kazi ikiwa chini. Ukinakili mchoro wa nduguye, chipu yako italala milele. Unaweza kuufunga mguu huu kwenye graundi na kuusahau, lakini mimi napenda hila hii: uunganishe na pini ya maikrokontrola, na uweke rezista ya kilo-omu 10 kwenda 3.3. Maikrokontrola ikiwa inaelea, rezista inaishikilia USB3300 usingizini. Maikrokontrola ikiwa tayari, inaushusha mguu na kuiamsha. Zamu imekuwa wazi kabisa.

Hatua ya nne ni ya programu. Usiguse sehemu ya USB mpaka saa ya megahezi 60 iwepo. Sehemu hiyo ya F407 inaendeshwa na saa inayotoka nje, kama nilivyokwambia ulikumbuke. Ukiomba ijisafishe kabla saa haijafika, biti ya kusafisha haitajifuta, na programu itakaa inangoja mpaka ikate tamaa na kutoa kosa. Kwa hiyo iamshe USB3300, ngoja DIR ishuke, washa saa ya sehemu ya USB na saa ya ULPI kwenye rejista za RCC, ndipo usafishe. Watu hubadilisha nyaya, hubadilisha bodi, hulaumu muuzaji wa vifaa wa Luthuli jijini Nairobi, kumbe mistari miwili ya programu imepishana.

Ya mwisho kabisa ni kujitangaza kwa kompyuta. Kifaa cha USB hujitangaza kwa kuvuta D+ juu kwa rezista ya kilo-omu 1.5, ambayo USB3300 inayo ndani. Kifaa chenye umeme wake, kama hiki cha betri, hakiruhusiwi kuvuta D+ kabla ya kuona volti 5 za kompyuta kwenye VBUS. La sivyo unasukuma umeme kwenye kompyuta iliyozimwa, mizimu ile ile upande wa pili. USB3300 inapima VBUS yenyewe na kukuarifu, kwa hiyo huna kisingizio.

Halafu linakuja tukio tamu. Kifaa kinaanza kama cha megabiti 12. Kompyuta inakiweka upya, nacho kinatoa mlio wa K, mojawapo ya hali mbili za nyaya za data (nyingine ni J), usiopungua milisekunde moja, maana yake, "Mimi ni wa kasi." Kompyuta inajibu kwa mfululizo wa K na J, kifaa kikihesabu jozi tatu, kinaachia rezista yake na kuhamia megabiti 480. Niliposoma kumbukumbu za Linux na kuona kifaa kimeandikwa kuwa cha kasi ya juu, nilipiga kelele mpaka wateja wa kibanda cha pembeni wakageuka!

Mtihani wa Salama

Meza nzuri ya maabara haitoshi. Huku umeme una tabia zake: kuna siku unakatika wazi, na kuna siku unapungua tu, taa zinafifia na kurudi. Kukatika wazi si tatizo kwa chipu hii. Kwa laini moja ya 3.3, nilichomoa betri kompyuta ikiwa hewani, D+ ikaachiwa, kompyuta ikasema kifaa kimeondoka. Nikarudisha betri, zamu zikafuatana, kifaa kikarudi cha kasi ya juu. Kila mara!

Hatari ni kule kufifia. F407 hata ukiiwekea ulinzi wake wa juu kabisa wa volti ndogo, inaweza kuendelea kufanya kazi karibu na volti 2.7. USB3300 inahitaji angalau 3.0. Kati ya hizo mbili kuna bonde: maikrokontrola inadhani yote ni sawa, huku mwenzake anayumba. Suluhisho ni chipu ndogo ya ulinzi yenye miguu mitatu, kama MAX809T, inayokata kwenye volti 3.08. Iunganishe na NRST, mguu wa kuweka upya wa maikrokontrola. Volti ikishuka chini ya hapo, maikrokontrola inazimwa, pini zake zinaelea, na ile rezista ya kilo-omu 10 inailaza USB3300 papo hapo. Umeme ukitulia, MAX809T inangoja angalau milisekunde 140 kabla ya kuachia, na zamu zinaanza upya, safi. Sehemu mbili za bei ndogo, na bonde limefukiwa. Anayetaka njia fupi zaidi aangalie nduguye MAX810T, ambaye tokeo lake liko juu, sawasawa na RESET ya USB3300 inavyopenda.

Ushauri mmoja kwa wanaoogopa kufifia: usiweke kapasita kubwa kwenye VBUS. Kanuni ya USB inataka kifaa kisizidi maikrofaradi 10 hapo, kwa sababu kapasita tupu ikichomekwa hunyonya volti 5 za kompyuta kwa kishindo. Kinyume chake, upande unaotoa umeme unatakiwa uwe na angalau maikrofaradi 120. Kapasita yako kubwa iweke kwenye upande wa betri, kabla ya kishusha volti. Na ukitaka USB3300 isome flashi, yaani bodi yako iwe ndiyo mwenyeji, mguu wa CPEN unawasha swichi ya nje ya volti 5. CPEN ni ishara tu. Haubebi umeme wa flashi, kwa hiyo usiubebeshe.

Vumbi na ukavu navyo vipo. Miezi ya kiangazi Ukambani, hewa ni kavu na mkono unarusha cheche. Gusa graundi kabla ya kugusa bodi, kila mara, hata kama chipu ina ulinzi ndani na inahesabiwa kufanya kazi kutoka nyuzi −40 hadi 85.

Kinachonikera kidogo

Nyaya kumi na mbili ni chache kwa mhandisi, lakini kwenye F407 ndogo zinameza sehemu kubwa ya pini nzuri. F407 yenyewe kwa megahezi 168 haitafika dari ya megabaiti 53 katika programu ya kweli. Itakupa kasi kubwa kuliko ya zamani, lakini si yote. USB3300 pia inataka kristali yake na volti 3.3 kwenye mawasiliano, wakati USB3320 inaweza kuongea kwa volti 1.8. Kwa bidhaa ya kuuza leo, huenda ukamtazama huyo mdogo wake kwanza.

Hukumu

Salama iko mwendo mfupi wa gari kutoka Malili, ambako Rais Kibaki aliweka jiwe la msingi la jiji la teknolojia la Konza Januari 2013. Ukielekea Nairobi kwa barabara hiyo hiyo utafika Athi River, ambako Oktoba 2023 kilizinduliwa kiwanda cha kuunganisha simu. Kila simu inayotoka hapo ina ndani yake sehemu inayofanya kazi hii hii ya USB3300, na kila moja inaamka kwa zamu zinazofanana na hizi. Vijana wa Mukaa na Kilome wanaotaka kazi za namna hiyo hawana haja ya kungoja maabara ya mabilioni ili wajifunze somo lake gumu zaidi. Somo liko kwenye bodi hii.

Kama unataka tu kuhamisha herufi chache kutoka kwa kihisi cha unyevu shambani, achana nayo. Chipu za kawaida za USB kwenda siriali zinatosha. Kama unataka USB ya kasi mwaka huu, na una F407 iliyolala kabatini, ichukue leo! Anza na graundi, lisha zote kutoka laini moja, ishike RESET mpaka uwe tayari, ngoja saa, tazama VBUS, ndipo ujitangaze. Fuata hizo zamu na megabiti 480 zitakuja zenyewe. Mimi tayari nimeagiza ya pili, na hiyo itapandishwa kwenye bodi niliyoichora mwenyewe, yenye MAX809T tangu siku ya kwanza!